Sekunde Kumi na Moja

Daktari hakuketi. Alisimama miguuni pa kitanda, karatasi ya maabara mkononi, akawatazama mmoja mmoja: mgonjwa, mama wa mgonjwa, na mwanamume aliyekuwa akimenya chungwa karibu na dirisha.

"Nani anampa dawa?" akauliza.

Kisu cha mwanamume kilisimama katikati ya ganda.

"Dawa niliisimamisha siku ya kwanza. Leo ni siku ya tano. Damu ya jana inasema dawa imo, tena imejaa kama ya mtu anayemeza asubuhi na jioni bila kukosa. Karatasi haina ugomvi na mtu. Nauliza tena: nani?"

Aliyelala kitandani alikuwa fundi cherehani wa miaka ishirini na saba, na hata pale wodini watu walimwita Fundi tu. Kichwani alikuwa na nyaya ishirini na moja zilizogandishwa kwa gundi nzito, juu yake bendeji, mpaka akaonekana kama mtu aliyevishwa kilemba kisicho chake. Nyaya zilishuka mgongoni kwa mkia mmoja hadi kwenye kisanduku cha ukutani. Kwenye kona ya dari, kamera yenye taa ndogo nyekundu ilimtazama mchana na usiku. Vyote hivyo vilikuwa na kazi moja, kumngoja aanguke kifafa ili ijulikane kinaanzia wapi ndani ya ubongo. Bila kujua kinapoanzia, hakuna daktari wa kumpasua. Na ili aanguke, dawa ilibidi ikatwe.

Siku nne zilikuwa zimepita. Hakuanguka hata mara moja, yeye ambaye nyumbani hamalizi wiki.

"Wanaofanya hivi mara nyingi ni akina mama," daktari alisema. Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Mama?"

Mama alikuwa ameshavaa mtandio, tayari kuondoka baada ya zamu yake ya usiku kando ya kitanda. Alimtazama binti yake. Ulikuwa mtazamo mfupi, na mtu asiyewajua asingeona kitu. Kisha akainamisha kichwa.

"Ni mimi, daktari. Nisamehe. Miaka kumi na tisa namwekea kidonge kiganjani, saa moja asubuhi, saa moja jioni. Mkono umezoea."

"Mama!" Mwanamume aliliweka chungwa dirishani. "Si tulikubaliana sote? Si umetia sahihi wewe mwenyewe? Kila siku ya kitanda hiki..."

"Bei ya kitanda hiki naijua, baba. Cherehani zetu mbili tulizouza zimelala humu ndani."

"Basi kwa nini?"

"Nimesema nisamehe."

Fundi aliisikia ile sauti, akaitambua. Ni sauti ambayo mama yake alimwambia nayo mwalimu mkuu kwamba mtoto ana minyoo, akamwambia mwenye nyumba kwamba binti ana presha, akawaambia watu wa mchumba wa kwanza kwamba ni uchovu wa kazi. Mama alidanganya kama anavyofagia, bila kufikiri na bila kuacha kona. Na sasa alikuwa amejitwika hili pia, mbele ya mwanamume ambaye miezi miwili baadaye angemwita mkwe.

"Si mama," Fundi akasema.

"Wewe umechoka, nyamaza."

"Si mama, daktari. Ni mimi."

Akaivuta ncha ya shuka yake. Ilikuwa shuka ya buluu aliyokuja nayo kutoka nyumbani, yenye pindo pana la vidole viwili. Akaushika uzi kwa meno, akakata, akavuta. Pindo likafunguka kama kinywa. Ndani alikuwa ameshona vyumba vidogo kumi na vinne, siku saba mara mbili, kila kidonge na chumba chake. Tisa vilikuwa vitupu. Vidonge vitano vikadondokea kitandani.

Daktari aliviokota, akavihesabu, akavitia mfukoni.

"Cha leo umemeza?"

"Saa moja. Nikigeukia ukutani mnadhani nasali."

"Basi sikia. Dawa hii haitoki mwilini kwa siku moja. Kitanda mmelipia siku saba, zimebaki mbili na nusu. Nitaongeza tatu na nitaomba mpunguziwe, lakini kupunguziwa si kusamehewa. Usipoanguka ndani ya hizo, unarudi kwenye foleni, na foleni ni miezi minne." Akaelekea mlangoni, kisha akageuka. "Ushonaji mzuri. Ungeutumia kwingine."

Mlango ulipofungwa mwanamume alimsogelea mama, akasimama mbele yake kama mwanafunzi.

"Mama, nimekukosea. Nimekupandishia sauti."

"Umempandishia aliyekosa. Hukujua ni nani, basi." Mama aliushika mkoba wake. "Mimi nakwenda kufungua duka. Sare za watu hazijishoni."

Hakumtazama binti yake alipotoka. Aliigusa tu miguu yake juu ya shuka, kama mtu anayehakikisha mzigo umefungwa.

* * *

Mwanamume yule walimwita Mizani. Kazi yake ilikuwa kukagua mizani za maduka na masoko, na alipotokea mwanzo wa mtaa watu walipiga kelele, "Mizani kafika, ficheni mawe!" Hakuwahi kupokea soda ya mtu. Kwa muuza nyama mmoja aliwahi kupima kilo ileile mara sita, mpaka mteja mwenyewe akasema, "Bwana ee, nipe tu, hata kama imepungua nyama ya kucha, niende nikapike."

Duka la huyo muuza nyama lilikuwa jirani na la Fundi. Siku hiyo Mizani alichuchumaa kutazama chini ya meza, na suruali ikaachia kutoka kiunoni hadi gotini. Akaingia dukani kwa Fundi akitembea kinyumenyume. Fundi hakuwa na nguo ya kumstiri ila sketi ya shule ya msichana wa darasa la saba. Mwanamume mzima, mwenye kitambulisho cha serikali shingoni, alikaa nyuma ya pazia na sketi ya marinda kwa dakika arobaini, na Fundi alicheka mpaka akajidunga sindano.

Lakini hakupendewa sketi. Fundi alimpenda kwa namna alivyotazama. Mizani alizoea kuutazama mshale wa mizani mpaka utulie, hakuusomea njiani. Aliwatazama watu vivyo hivyo. Alipomtazama Fundi, hakuwa akimkagua kama yu mzima au yu karibu kuanguka. Alikuwa akimtazama tu, na muda wote duniani ulikuwa wake. Tangu Fundi alipokuwa na miaka minane hakuna aliyewahi kumtazama hivyo.

Alimwambia kuhusu kifafa mwezi wa pili. Mizani alisema, "Sawa. Kinatibiwaje?" kana kwamba ameambiwa bomba linavuja. Baadaye aliona vile vidogo, mara nyingi tu: Fundi ameshika kikombe, macho yameganda, midomo inatafuna hewa, nusu dakika, kisha anaendelea na sentensi. Mizani alimngoja, akachukua kikombe, akasema, "Uliishia kwenye vifungo." Vile vikubwa vilimjia Fundi alfajiri, nyumbani, na shahidi wake alikuwa mama peke yake.

* * *

Saa sita mchana, saa ya wageni, mama yake Mizani aliingia. Alikuwa mwalimu mstaafu, mwembamba, mwenye viatu vilivyong'arishwa. Mwanawe alisimama kumpisha kiti.

"Shikamoo, mama," Fundi akasema.

"Marahaba. Unaendeleaje?"

Kabla Fundi hajapata jibu la adabu, Mizani alijibu yeye.

"Alikuwa anameza dawa kwa siri. Leo ndiyo imejulikana."

Fundi alifumba macho. Angeweza kusema anaendelea vizuri. Mtu mwingine yeyote angesema anaendelea vizuri.

"Kwa hiyo siku nne zimekwenda na maji," mwalimu akasema.

"Ndiyo."

"Na hela?"

"Nayo."

Mwalimu aliketi taratibu, akauweka mkoba magotini. "Mwanangu, wenzako wananunua kiwanja wakajenga. Wewe hela ya nyumba unakwenda kuijenga ndani ya kichwa cha mtu."

Lau kichwa chenyewe kisingekuwa chake, Fundi angecheka. Ilikuwa imesemwa vizuri.

"Mama, hilo tumelizungumza," Mizani akasema.

"Ulizungumza wewe. Mimi nilinyamaza, ukadhani nimekubali." Akamgeukia Fundi, na sauti yake ikalainika, jambo ambalo lilitisha zaidi. "Binti, sikuchukii. Ungekuwa mvivu au mwongo ningekuchukia kwa raha zangu. Nimefundisha miaka thelathini na mmoja. Watoto wawili darasani kwangu walikuwa na ugonjwa wako. Nimewashika kwa mikono hii, nimefua nguo zao. Mmoja alinifia. Najua ninachokisema. Huyu hajui. Anakuona unaganda na kikombe mkononi, anadhani amemaliza kuona."

"Nimemweleza, mama."

"Kueleza! Na mimi nikikueleza uchungu wa kuzaa utakuwa umezaa?" Alisimama. "Mwanamume aoe anachokijua. Akishakijua bado akataka, nitakuja mwenyewe na ndugu zake kuleta mahari, tena nitacheza. Kabla ya hapo, msinihesabu."

Alimwekea Fundi mkono begani, pasipo na nyaya, sekunde moja, akaondoka. Kisigino chake kilisikika hadi mwisho wa ukumbi.

Mizani alirudi kwenye kiti. Chungwa lilikuwa bado dirishani, nusu limemenywa, limeanza kukauka.

"Ndiyo sababu?" akauliza. "Uliogopa nikuone?"

"Usingemwambia mama yako leo leo."

"Aliuliza. Ndiyo sababu?"

Fundi alitazama dari. Kule juu taa nyekundu nayo ilimtazama.

"Unajua mwajiri wangu wa kwanza hakunifukuza? Mama mmoja mwema sana. Wala rafiki yangu wa shule hakunikimbia. Watu wanadhani shida yetu ni kukimbiwa. Siku moja wananiona naanguka. Wananishika, wananifuta, wanalia hata. Kesho yake wanaanza kunichunga. Nikishika mkasi, wananyamaza. Nikicheka sana, wanangoja nimalize. Mtu anayekuchunga hakutazami, Mizani. Anatazama kitakachotokea."

"Na mama yako?"

"Mama yangu hajanitazama tangu nikiwa na miaka minane. Ananilinda. Simlaumu."

Mizani alimngoja, kwa namna yake ileile.

"Umebaki wewe peke yako," Fundi akasema. "Nilipoambiwa mchana utakaa wewe, nikachukua shuka nikashona. Nilijua ni upuuzi. Nilikuwa nashona huku najua. Nikasema siku saba zikipita wataona basi, watatumia vipimo vingine. Sikufikiri vizuri. Nilifikiria macho yako tu."

"Mimi sitakuwa hivyo."

"Umeona? Muuza nyama akikuapia unamwambia weka juu tuone. Mimi unaniapia bure."

Mizani alicheka kidogo, puani. Kisha akasogeza kiti mpaka magoti yake yakagusa kitanda, akauchukua mkono wake, akapitisha kidole kwenye ncha za vidole palipochomwachomwa na sindano miaka yote ile. Fundi aliusikia mwili wake ukimgeukia chini ya shuka, mwili ambao wiki nzima ulikuwa mali ya nyaya.

"Kamera inatuona," akanong'ona.

"Iandike."

Kipaza sauti cha ukutani kikakoroma. "Kitanda cha tatu," sauti ya muuguzi ikasema, "mapenzi ruhusa, nyaya zisivutwe."

Walicheka wote wawili, kicheko cha kujizuia, vichwa vimeinama. Fundi alipokuja kukumbuka siku zile, hapo ndipo alipoziwekea kikomo. Kila kilichofuata kilikuwa upande wa pili.

* * *

Kilikuja siku ya nane, alasiri.

Mizani alikuwa na gazeti gotini, akimsimulia habari za muuza nafaka aliyebandika sumaku chini ya sahani ya mizani. "Nikamwambia, mzee, toa sumaku. Akasema, sumaku gani? Sasa funguo zangu zimeruka zenyewe zimeganda pale, na yeye anaziangalia, anasema, labda zimekupenda..."

Fundi alisikia harufu ya kitambaa kilichoachwa chini ya pasi.

"Unasikia harufu?"

"Harufu gani?"

Tumbo lilianza kupanda, kama mtu anayeinuliwa kwa kamba kutoka ndani. Alitaka kusema kinakuja. Alitaka kusema toka. Alichokiona mwisho ni uso wake, umemwelekea, umetulia, unangoja amalize sentensi.

Kisha hakukuwa na kisha.

Alirudi vipande vipande. Kwanza ladha ya damu. Halafu uzito, kana kwamba mwili ulitwangwa ukarudishwa kwenye ngozi. Halafu mkono wa mama, aliyekwisha kuitwa kutoka dukani, ukipangusa shingo yake.

"Kidogo tu, mwanangu. Kidogo tu."

Kitambaa cha mama kilikuwa chekundu. Ulimi ulikuwa umejaa kinywani kama kitu cha kuazima. Akageuza macho. Mizani alikuwa dirishani, amewapa mgongo, anatazama ua wa hospitali ambao haukuwa na kitu cha kutazama.

Asubuhi iliyofuata daktari aliketi. Ilikuwa mara ya kwanza.

"Kinaanzia upande wa kushoto, juu kidogo ya sikio. Pana kovu dogo pale, kama harage, pengine ni la ile homa ya utotoni. Mahali pake panapasulika. Kati ya watu watatu ninaowapasua hapo, wawili huacha kuanguka. Wa tatu hubaki kama alivyokuja, au hupungukiwa na maneno. Siwezi kukuahidi wewe ni yupi. Nahitaji kimoja kingine kinachofanana na hiki, ndipo nitie sahihi."

Mama alikuwa ameshika ukingo wa kitanda. Hesabu ya upasuaji ilikuwa imeshafanyika kwa kalamu na bila kalamu: cherehani ya tatu, hela ya nyumba ya Mizani, na deni la duka.

"Daktari," Fundi akasema. Ulimi ulimfanya aongee kama mlevi. "Nataka kuona."

"Wengine hawapendi."

"Miaka kumi na tisa watu wananiuliza inakuwaje. Sijui cha kuwajibu. Mimi ndiye pekee ambaye sijawahi kuwepo."

Daktari alifikiri, kisha akaisogeza kompyuta ya kwenye meza ya magurudumu. Mama alijifunga mtandio akatoka. Yeye alikuwa ameona kutosha. Mizani alibaki, nyuma ya kiti cha daktari, mikono mfukoni.

Picha haikuwa na rangi nyingi. Kwenye kona palikuwa na saa, na tarakimu za sekunde zilikimbia. Fundi alimwona mwanamke mwenye kilemba cha bendeji akizungumza na mwanamume mwenye gazeti. Walionekana kama mke na mume waliozoeana.

Saa kumi na dakika saba na sekunde ishirini na mbili, mwanamke aliacha kuzungumza. Mkono wake wa kushoto ukaanza kuchuna shuka. Kichwa kikageuka kulia, polepole, kikaendelea kugeuka hata baada ya mahali ambapo shingo ya mtu husimama. Kisha akatoa sauti.

Fundi hakuijua sauti ile. Haikuwa ya maumivu. Ilikuwa hewa ikikamuliwa kutoka kwenye kitu.

Mwili ukakakamaa, ukaanza kuruka. Uso ukabadilika rangi. Mwanamume alisimama. Gazeti lilianguka. Kitufe cha kuita kilikuwa kimening'inia karibu na mkono wake wa kulia, na hakukitazama. Alimtazama mwanamke. Akarudi nyuma hatua moja, ya pili. Akageuka, akatoka nje ya picha kupitia upande wa mlango.

Saa ilisema sekunde ya thelathini na mbili.

Mwanamke alibaki peke yake kwenye picha, anaruka. Povu, kisha damu. Fundi alijitazama kama anayetazama nguo ikiraruliwa na mashine, na alihesabu, kwa sababu tarakimu zilikuwepo. Thelathini na tano. Thelathini na tisa.

Ya arobaini na tatu mwanamume aliingia tena. Hakukimbia. Alibonyeza kitufe, akamgeuza mwanamke ubavu, akakishika kichwa chake kwa viganja viwili jinsi walivyofundishwa. Alifanya kila kitu sawasawa. Midomo yake ilikuwa ikisema neno moja, na kinasa sauti kililinasa. "Fundi. Fundi. Fundi."

Daktari alisimamisha picha.

"Mengine ni muuguzi na oksijeni," akasema. Kuhusu mlango hakusema kitu. Alisukuma meza yake, akatoka.

* * *

Mizani hakusogea kutoka pale alipokuwa. Kiti kilikuwa kitupu kati yao.

"Sekunde kumi na moja," Fundi akasema.

"Kumi na moja."

"Njoo ukae." Hakuja. Fundi alijaribu kutabasamu, ulimi ukamchoma. "Sikiliza. Nimeona. Ningekuwa na miguu mle ndani, na mimi ningekimbia. Yule mtu anatisha. Kumi na moja si kitu, Mizani. Ulirudi. Hakuna aliyekushika shati, ulirudi mwenyewe, na ulifanya kila kitu. Mimi hilo linanitosha."

Akanyoosha mkono juu ya shuka, kiganja juu. Alikuwa amekwisha kusamehe. Alishangaa lilivyokuwa jepesi, na furaha ndogo ilianza kumpanda, ya kwanza tangu aingie humo.

Mizani aliutazama ule mkono, hakuuchukua.

"Sikurudi mwenyewe," akasema.

"Nimekuona."

"Umeona nilivyoingia. Koridoni kulikuwa na mama wa usafi anapiga deki. Nilikuwa nakwenda kwenye ngazi. Sikuwa namtafuta muuguzi, sikuwa natafuta msaada. Nilikuwa nakwenda. Akanyoosha ufagio mbele yangu akasema, 'Baba, sakafu mbichi, usipite.' Nikasimama. Nadhani nilisimama kwa sababu nimeambiwa nisimame. Nikawa sina pa kupita. Ndipo nikageuka, nikauona mlango wako."

Fundi aliurudisha mkono wake taratibu, akauweka tumboni.

"Sakafu ingekuwa kavu?"

"Sijui. Nimejiuliza tangu jana. Nataka kusema ningefika kwenye ngazi nikageuka kurudi. Lakini sijui, na siwezi kukuambia nisichokijua."

Nje ya dirisha mtu alikuwa akikokota toroli la mashuka, gurudumu moja linalia. Walilisikiliza likipita hadi likakoma.

"Mbona umeniambia?" Fundi akauliza. "Kamera haifiki koridoni. Nilishakusamehe. Ungeuchukua mkono wangu tu, yakaisha."

"Ndiyo maana."

Alimtazama alipolisema. Na Fundi akayaona macho yake, akaona kwamba hayakubadilika. Hayakumchunga. Hayakutazama mdomo wake wala vidole vyake kama vimeanza kuchuna shuka. Yalimtazama yeye, yamekaa juu yake, yanangoja, yana aibu, hayakimbii. Lile lililomfanya ashone vidonge kumi na vinne halikutokea. Lilikuwa limetokea jingine ambalo hakulitengea chumba.

"Nenda nyumbani," akasema.

"Unanifukuza?"

"Sijui. Daktari anataka kimoja kingine. Safari hii akae mama."

"Na tarehe ya harusi?"

"Ifute. Mwambie mama yako. Mwambie yote, najua utamwambia. Usiweke tarehe nyingine."

Mizani aliitikia kwa kichwa. Aliinama, akaliokota gazeti ambalo watu walikuwa wakilikanyaga tangu jana, akalikunja mara nne.

"Ile hela nimeshaiingiza hospitali," akasema. "Haitoki. Nasema usije ukalala unaiwaza."

"Hela sikukuuliza."

"Najua hukuuliza."

Alifika mlangoni. Fundi alikuwa ameamua kutosema kitu, na akasema.

"Mizani. Ukija, usije kwa kuwa nimelazwa. Usije kwa kuwa umeaibika, wala kwa kuwa mama yako amekuhubiria. Mtu anayerudi kwa kuwa amezuiliwa njia, simtaki."

"Nikija, nitakuwa nimekuja kwa nini?"

"Hilo ulifikirie mwenyewe."

Akatoka. Hakusema kwaheri wala hakuahidi. Fundi alizisikiliza hatua zake, zilizo sawasawa, zikielekea kwenye ngazi, na mara hii hakuna aliyezizuia.

Mama aliingia baada ya muda na chupa ya maji na uso wa mtu anayekwenda kufua. Alitazama kiti, akatazama dirisha, akatazama mdomo wa binti yake. Akakichukua kitufe cha kuita, akauzungusha waya wake mkononi, akaketi.

"Mwenzio yuko wapi?"

"Amekwenda kwao."

"Mmegombana? Wanaume huwa hivyo, wakiona damu. Ngoja apumzike, atarudi. Kesho tu utamwona hapo mlangoni, nakuambia. Tena kesho asubuhi."

"Mama, acha."

Mama akaacha. Aliuweka mkono kwenye paji la uso la binti yake, chini ya bendeji, palipokuwa na joto. Taa nyekundu iliwatazama wote wawili.

"Atarudi?" mama akauliza, safari hii kwa sauti ndogo, kama anayetaka kujua kweli.

"Sijui. Wengine wote nilijua wangefanya nini, kwa sababu wote walinidanganya kwanza. Huyu hakunidanganya, mama. Sijui watu wa namna hiyo hufanya nini baadaye."